Mwaridi Uliopigwa Msasa

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona kitu kibovu akakiacha. Mguu wa kiti ukilegea kwa jirani, anayekosa raha ni yeye. Akienda msibani na mlango ukakwaruza sakafu, wenzake wanafuta machozi, yeye anapima kwa jicho upunguzwe kiasi gani. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku ya kuzikwa kwake atanyanyuka kwanza, aulize jeneza limeungwa na nani. Naye hujibu bila kucheka, "Sasa ulitaka nilale juu ya misumari?"

Mke mwenyewe alikuwa mtu wa maua. Ua wao wa nyuma ulikuwa na wenyewe wawili: upande wa ukuta lilikuwa banda la Fundi, mbao zimeegemezwa mpaka kwenye bati, na upande wa jikoni ilikuwa bustani ya mama, maana ndivyo Fundi alivyomwita mkewe. Kitu kimoja tu hakikuheshimu mpaka, nacho ni unga wa mbao. Uliingia kwenye vyungu vya maua, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye masufuria. "Huyu mwanamume amenilisha mbao miaka nenda rudi," mke alikuwa akimwambia mdogo wake, akija kumtembelea. "Iko siku nitaota matawi." Ndivyo walivyoishi, kwa kuchokozana na kucheka, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa na kila mmoja ana mji wake.

Kisha macho ya mama yakaanza kuondoka. Yalianzia pembeni. Akawa anajigonga kwenye milango, na Fundi akadhani ni haraka zake za siku zote. Aliwahi hata kuupunguza mlango mmoja kwa randa ili mkewe apite vizuri. Walipofika hospitali maji yalikuwa yamezidi unga. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitafuata. Kikafuata.

Bustani aliigawa mwenyewe. Aliwaita majirani, kila mmoja akaondoka na chungu chake, na yeye akikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akitaja kwa kunusa na kupapasa ni ua gani linalotoka. Aliubakiza mwaridi mmoja tu, ule uliotambaa kando ya mlango huo huo, shina lake nene kama kifundo cha mkono. Huo hakuna aliyethubutu hata kuuliza. Mama yake mzazi ndiye aliyemkatia kijiti chake siku ya kuolewa, akakifunga kwenye kitambaa kibichi, akamwambia akipande kabla hajafungua sanduku la nguo. Mwaridi wenyewe wa yule mama mzazi ulikwisha kufukiwa zamani chini ya zege la watu wengine. Kwa hiyo duniani ulikuwa umebaki huu, na harufu yake ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yao ya utotoni. Mama hakuihitaji miwani kuiona harufu hiyo.

Siku ile bustani ilipokwisha, alimkalisha mumewe jikoni. "Sikiliza, mzee wangu. Sasa macho yangu ni wewe. Unachokiona niambie, kiwe kizuri, kiwe kibaya. Ukisema hapa pana ngazi, nitakanyaga. Ukisema chupa ya kushoto ni chumvi, nitaitia mchuzini bila kuonja. Lakini nikifika mahali pa kuanza kukukagua, mimi na wewe hatutaweza kuishi."

"Nikudanganye ili nipate nini?" alisema Fundi, na alisema kweli kutoka moyoni. Hilo lazima asamehewe, maana siku ile hakuwa na hata chembe ya uongo.

Wakajiwekea utaratibu wao. Asubuhi, chai ikishanywewa, mama alishuka ngazi ya nyuma huku mkono wake umeshika shina la mwaridi. Fundi alikuwa ameiondoa miiba yote ya hapo kwa patasi, ikawa kama kishikio cha ngazi. Mama akisimama pale huuliza maswali yake. Majani yana rangi gani? Ncha zimesimama? Chini ya shina kuna unga unga?

"Unga unga gani?"

"Kama wa mbao. Ukiuona ujue ndani kuna kiwavi. Nilishapoteza mwaridi mwingine hivyo hivyo, zamani."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Mama, kwa ua huu? Unga wa mbao upo mpaka kwenye sukari."

"Nauliza ambao si wako."

Akaangalia chini. Unga ulikuwepo, kama ulivyokuwa kila mahali. Banda lilikuwa pale pale, asubuhi ile alikuwa ametoka kupiga randa fremu ya dirisha, na nani angeugawa unga wake na unga wa mwingine? "Hamna," alisema. Basi kila siku akawa anaulizwa, na kila siku anajibu hamna, na siku zinakwenda.

Mpaka siku aliyoinama kuokota penseli yake akaliona tundu. Dogo, la duara, safi, kana kwamba limetobolewa na keekee. Juu yake kidogo kulikuwa na lingine, na jingine lilikuwa nyuma ya shina. Akataka kuita, na kweli alifungua mdomo. Kupitia dirishani akamwona mkewe anapapasa meza kutafuta kifuniko cha birika, kifuniko chenyewe kipo mbele ya kidole chake, na kila akisogea anakikosa. Hakuita. Aliona huyu mtu amekwisha kunyang'anywa vya kutosha mwaka ule, na kama ni matundu tu, basi matundu ni kazi ya nani kama si ya fundi?

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mkulima asingelifanya wala mwalimu asingelifanya. Ni kosa la mtu aliyeishi na mbao. Katika kabati, katika kitanda, katika mlango wa zamani, tundu maana yake mdudu ameshatoka. Alikula akiwa ndani, akakua, akatoboa, akaruka zake. Kazi ya fundi ni kuziba na kusawazisha. Fundi alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Haikumpitikia hata kidogo kwamba kwenye mti ulio hai tundu ni mlango wa mwenye nyumba, anatupia taka pale, na yeye mwenyewe yumo ndani anakula.

Basi akachanganya unga wa mbao na gundi, akapata puti ya rangi ile ile ya gome. Akaziba tundu moja moja kwa ncha ya kisu. Ilipokauka akachukua msasa mlaini kuliko yote aliyokuwa nayo, akasugua polepole mpaka usingejua kulikuwa na kitu. Ilikuwa kazi nzuri. Alirudi nyuma hatua chache akaitazama, akaridhika, mzee wa watu.

Asubuhi iliyofuata mama alishika shina, akasita. "Mbona pamekuwa laini hivi?"

"Nimetoa magamba makavu. Yalikuwa yanakuchubua."

Vidole vilipanda vikashuka. "Umelipiga msasa, wewe."

"Kidogo tu."

Mama akacheka, kicheko chake cha zamani ambacho Fundi hakuwa amekisikia tangu hospitali. "Ole wako uje uupige na vanishi mwaridi wa mama yangu." Fundi naye akacheka, na akahisi amefanya jambo jema kwelikweli. Chini kwenye udongo kulikuwa na unga mpya kidogo. Aliusambaza kwa kidole cha mguu. Mama alipouliza, alisema hamna.

Matundu yakaja mengine, juu ya yale ya kwanza. Akaziba. Yakaja kwenye matawi. Akaziba na hayo, sasa kwa siri kabisa, mkewe akiwa anaoga au anasikiliza redio. Ilifika mahali hata yeye alijua kwamba hili si jambo la kabati. Wadudu walioruka zao hawatoboi upya kila wiki. Lakini angeanzia wapi? Angesema ameona leo, atamdanganya. Angesema ameona zamani, atakuwa amejitia kitanzi. Kila siku aliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi, na mwaridi nao ukaanza kuinamisha ncha.

"Majani?" mama anauliza.

"Yapo."

"Sikuuliza kama yapo. Nauliza rangi."

"Kijani. Jua tu limekuwa kali."

"Mbona sisikii harufu?"

"Msimu," alisema Fundi.

Shemeji yake, yule mdogo wa mkewe, ndiye aliyemshika. Alikuja siku moja kumsuka dada yake nywele, akatoka uani kumwaga maji, akarudi na uso umebadilika. Alimvuta Fundi bandani. Ulimi wa shemeji huyu haukuwa na pazia.

"Shemeji, ule mti unakufa. Dada anajua?"

"Naushughulikia."

"Unaushughulikia na nini, misumari? Mwambie. Na usiponiambia utamwambia lini, nitamwambia mimi."

"Nipe mpaka kesho. Nitamwambia mwenyewe, asubuhi."

Na alikusudia. Tusimwonee. Asubuhi ile aliamka na maneno yote ameyapanga, akapika chai mwenyewe, akaweka kikombe mkononi mwa mkewe, akapiga moyo konde. "Mama," alianza, "kuna kitu nataka tuzungumze." Mama akasema, "Njoo tukazungumzie nje, humu moto," akainuka, akafika mlangoni, akanyoosha mkono kama kila siku akalishika shina lake laini, akaegemeza uzito ashuke.

Shina likakatika. Halikutoa hata mlio wa maana. Lilisagika kama biskuti iliyolowa. Mama akapiga goti kwenye ngazi na kipande cha mwaridi kimebaki mkononi. Fundi alimrukia, akamshika mabega, akamuuliza kama ameumia. Mama alikuwa ametulia tuli, kiganja kimefunguka, na juu ya kiganja kitu kinene, laini, cheupe, chenye kichwa cheusi, kilikuwa kinajikunja na kujikunjua.

Alikipapasa kwa kidole cha mkono wa pili. Kisha akapapasa kile kipande cha shina, akaingiza kidole kidogo ndani ya uwazi wake, kikazama. Akapapasa nje, polepole, kwa ukucha. Puti moja ikabanduka. Akaishika katikati ya vidole, akaisaga, akainusa. Mke wa seremala haambiwi harufu ya gundi.

"Ulikuwa unayaona matundu," alisema.

"Nilikuwa nayaziba."

"Na unga chini?"

Fundi akautazama udongo.

"Kila siku nilikuuliza," alisema mama. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Waya mmoja tu ungetosha. Unauchomeka tunduni mpaka unamchoma aliyemo. Tawi lililooza unalikata mpaka ufike kwenye mti mzima, unalichoma moto. Na kabla ya yote ningekata vijiti nipande pembeni. Miezi yote hii ningekuwa na mwaridi wa mama yangu kwenye makopo. Wewe ukanifungia mlango, mwizi akiwa ndani."

"Sikutaka uumie."

"Sasa je, siumii?"

Siku hiyo walifanya kazi pamoja kwa mara ya mwisho, ukitaka kuiita pamoja. Fundi akakata, mama akakagua. Anampa tawi, mama anaweka kidole gumba kwenye mkato, anatikisa kichwa, tawi linatupwa. Anampa jingine, tundu katikati. Jingine, tundu. Yalikwenda hivyo mpaka lundo likafika magotini, na mwaridi wote ukawa umeisha, na vidole vya mama vinavuja damu kwa miiba lakini hakutaka kufutwa. Kwenye ncha kabisa ya tawi moja lililotambaa mbali juu ya dirisha, kilipatikana kijiti kimoja kifupi ambacho moyo wake ulikuwa mzima. Mama alikigusa mkato mara nyingi. Akakipanda mwenyewe kwenye kopo, akakandamiza udongo, akakiweka kwenye ngazi penye kivuli. Yale mengine Fundi aliyachoma moto nyuma ya banda, akakaa pale mpaka majivu yakapoa.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Hapakuwa na ugomvi. Kuna watu wangefurahi kupata nyumba tulivu namna hiyo. Ila Fundi akisema mvua imekatika, mama anatoa mkono dirishani. Akisema chai imepoa, anagusa kikombe kwanza kwa mgongo wa kidole. Akisema hii ndiyo blauzi ya bluu, anatafuta vifungo vyake ahakikishe. Chupa ya kushoto ilikuwa bado ya chumvi, haikuwahi kusogezwa, lakini kila mara aliifungua akaonja kabla ya kutia chunguni. Hakufanya kwa kumkomoa. Alikuwa tu amerudi kuwa peke yake gizani, na kila Fundi alipoiona ile ncha ya ulimi ikigusa chumvi alitamani ardhi ipasuke.

Akakiwekea matumaini yote kile kijiti. Kikishika mizizi, mwaridi utarudi, na ukirudi mwaridi, pengine na yeye atarudishwa. Alikinywesha, akakihamisha jua likisogea, akakizungushia wavu. Macho ya juu ya kijiti, yale yanayotoa majani, yalikauka moja moja. Likabaki moja tu upande wa chini, nalo halikuonyesha dalili yoyote ya heri.

Ndipo asubuhi moja akainama na kuliona limepasuka. Limetoa chipukizi jekundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, linang'aa. Alilitazama mpaka akahakikisha si mchezo wa macho ya uzee. Akaingia jikoni mbio mbio.

"Limechipua."

Uso wa mama haukubadilika. "Mwenzangu, acha."

"Wallahi limechipua. Jekundu. Njoo."

Akatoka, akapiga magoti kwenye ngazi. Fundi akamshika kiganja. "Liko upande huu, chini kabisa. Polepole, bado changa mno."

"Niachie mkono."

"Acha nikuelekeze tu, nitakufikisha."

"Ukinielekeza wewe nitagusa unachotaka niguse. Niachie."

Fundi akamwachia. Vidole vya mama vikapita kwenye wavu, vikaupata ukingo wa kopo, vikaupata udongo, vikapanda kwenye kijiti. Zamani vidole vile viliweza kuhesabu petali bila kuliamsha ua. Siku hiyo vilikuwa na haraka na hofu. Vilikibana kijiti kama mtu anayebana mshumaa, vikashuka kutoka juu hadi chini, na kidole gumba kikapita pale pale. Fundi aliliona likibanduka.

Mama akapapasa tena, juu, chini, kuzunguka. "Upande gani?"

Chipukizi lilikuwa limenata kwenye kidole gumba cha mkewe, jekundu, limelala juu ya ngozi.

"Hamna kitu hapa," alisema mama. "Ni kijiti kikavu. Hamna kitu."

Angeweza kusema. Lilikuwepo, mama, tazama, liko kidoleni mwako. Lingekuwa kweli tupu, na yeye angetoka safi. Ila mwenzake angelala na kuamka akijua kwamba cha mwisho cha mama yake amekimaliza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakuweza kumwamini mumewe. Fundi alimtazama usoni, macho yale yakiangalia juu kidogo ya bega lake, yakisubiri.

"Samahani," alisema. "Nilidhani nimeona."

"Ulidhani."

"Ndiyo."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari alizozijua. Akajifuta mikono kwenye nguo yake, kiganja kwa kiganja, na chipukizi likaenda na vumbi. Akainuka. Fundi akampa mkono wa kuegemea. Mama aliupita, akautafuta ukuta, akaingia ndani akiufuata ukuta.

Fundi akabaki ameinama juu ya kopo. Akachota maji kwa kiganja, akakinywesha kile kijiti, kazi ambayo alijua haina maana tena. Jikoni kifuniko cha chupa ya chumvi kilizungushwa, kikafunguka. Pakawa kimya kidogo, mama akiwa anaonja.